Kupima Dhahabu Si Kumdhania Mwenzio Ubaya

Hakuna sehemu katika Tanzania ambayo jina la dhahabu hutajwa mara nyingi kama kusini ya Ziwa Viktoria, kuanzia Geita hata Kahama na Shinyanga. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi toka mwaka 1936 mpaka 1966, na mgodi mkubwa wa siku hizi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Kando ya migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo wengi, na nyuma yao wako masonara, mawakala na wachuuzi. Basi si ajabu katika miji hiyo mtu kujiwa nyumbani na mgeni aliyefunga kitambaani pete, mkufu, saa ya mkono yenye rangi ya dhahabu, au chembe zilizotoka mchangani, akitaka kuuza kwa bei nafuu.

Wanaonunua mara nyingi si matajiri. Ni kijana aliyekusanya mahari, au mama aliyeuza pamba na ng'ombe akataka kuweka akiba isiyooza. Akipewa shaba kwa bei ya dhahabu, jasho la miaka limekwenda, na huenda ndoa ikaingia maneno. Tena madhara hayaishii hapo. Mwenye dhahabu ya akiba hupaswa kujua kama imefika nisabu, nayo ni gramu 85 hivi za dhahabu safi. Asiyejua alicho nacho atajuaje Zaka yake?

Wengi wetu huona haya kupima kitu mbele ya mwenye kukiuza, hasa akiwa Mwislamu mwenzetu na amekwisha apa. Haya hizo hazina msingi. Katika Sura ya Al-Baqara Mwenyezi Mungu amewaamrisha Waumini waandikiane deni na kuweka mashahidi, nao ni ndugu. Wala Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakutosheka na sura ya juu ya chungu ya chakula sokoni, bali alitia mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu, akamkanya muuzaji kwa kuuficha. Basi kukagua bidhaa ni mwendo wa haki. Muuzaji mwaminifu hufurahi mali yake ikipimwa, kwa kuwa kipimo humpa ushahidi. Anayekasirika amekwisha kusema jambo, ijapokuwa hakulitamka.

Sasa tueleze namna ya kupima. Kwanza ni alama. Dhahabu safi huitwa ya karati 24. Pambo la karati 22 huandikwa 916, yaani sehemu 916 katika 1,000 ni dhahabu. La karati 21 huandikwa 875, la 18 huandikwa 750, na la 14 huandikwa 585. Herufi GP maana yake pambo limepakwa dhahabu juu tu. Lakini alama hugongwa kwa nyundo, na mdanganyifu naye anayo nyundo. Kwa hiyo alama ni madai ya muuzaji, si ushahidi.

Pili ni sumaku. Dhahabu haivutwi na sumaku. Pambo likivutwa, ndani mna chuma. Lakini lisipovutwa usishangilie, kwani shaba na risasi nazo hazivutwi. Kuuma kwa meno nako hakufai kitu, maana risasi ni laini kuliko dhahabu.

Tatu ni mizani na maji, na hiki ni kipimo ambacho sisi Waislamu twapaswa kukijua kwa fahari. Al-Biruni alipima uzito wa madini kwa maji zaidi ya miaka 900 iliyopita, na Al-Khazini katika kitabu chake Mizan al-Hikma, alichokiandika katika mwaka 515 wa Hijra, alieleza mizani ya kutambua dhahabu safi na iliyochanganywa. Siri yenyewe ni nyepesi. Dhahabu safi ina uzito wa mara 19.3 kuliko maji ya ujazo ule ule. Risasi ni mara 11.3, fedha mara 10.5, na shaba ya njano mara 8 na nusu hivi. Chukua mizani ndogo ya betri, upime pambo. Kisha weka juu ya mizani kikombe cha maji, uirudishe mizani kwenye sifuri, ulining'inize pambo kwa uzi hata lizame bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa na pambo. Gawa uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Bangili ya karati 22 yenye gramu 35 itaonyesha gramu 2 hivi majini. Ya shaba ya njano itaonyesha zaidi ya 4. Kipimo hiki hakifai kwa pambo lenye vito au lenye uwazi ndani, wala kwa saa, kwani ndani yake mna vyuma vingi. Wala hakiwezi kuifichua tangsteni, madini ambayo uzito wake wakaribia sana ule wa dhahabu, nayo hufichwa ndani ya vipande vikubwa.

Nne ni sonara. Yeye husugua pambo juu ya jiwe jeusi, akatia tone la asidi kwenye mstari uliobaki, akautazama kama wafifia. Msuguo mwepesi huonyesha ngozi ya juu tu, basi mwombe akwaruze mahali palipofichika. Nenda kwa sonara uliyemchagua wewe, si yule uliyepelekwa na muuzaji. Iliyo bora zaidi ni mashine ya eksirei, ambayo husoma kiasi cha madini bila kuharibu kitu. Lakini nayo haioni mbali ndani ya kipande kinene.

Dhahabu mbichi ina hukumu yake peke yake. Liko jiwe liitwalo pairaiti, la chuma na salfa, ling'aalo manjano. Ukiligonga hupasuka na kuwa unga, na likisuguliwa kwenye kigae huacha mstari mweusi. Dhahabu ikigongwa hubapa, na mstari wake ni wa manjano. Tena dhahabu halisi ya mchangani huwa na fedha ndani yake, na huenda ikawa na mabaki ya zebaki yanayoongeza uzito. Mtu asijaribu kuichoma jikoni ili aisafishe, kwa kuwa moshi wa zebaki ni sumu kwake na kwa watoto wake.

Lakini hata ikiwa halisi, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 yamkataza asiye na leseni wala idhini kuwa na madini ghafi au kuyafanyia biashara. Soko la madini la Geita lilifunguliwa mwezi wa Machi 2019, na Kahama na Shinyanga zikapata masoko yao baadaye. Humo dhahabu hupimwa mbele ya maofisa wa serikali, na mauzo huandikwa. Anayekukimbiza mbali na soko, akikunong'oneza kuwa mali imetoka mgodini kwa siri, amekuambia mwenyewe kwamba ni ya wizi au ni ya uongo. Na hila inayojulikana zaidi ni hii: hukupa kipande kimoja cha kweli ukakipime, kisha siku ya malipo mfuko huwa mwingine. Basi kinachonunuliwa ndicho kipimwe, saa ile ile, na kisitoke machoni pako mpaka fedha ilipwe.

Usisahau adabu za biashara yenyewe. Dhahabu kwa dhahabu hubadilishwa sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Mwenye pete kuukuu anayetaka mpya yenye uzito mwingine, na auze ile kwa fedha, kisha anunue hii. Aombe risiti yenye uzito na karati, kwani kasoro iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha. Na vijana wanaume wakumbuke kwamba pete na saa ya dhahabu si mapambo yao.

Wahenga walisema: vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Basi wazazi na wawafundishe watoto wao mizani na maji, kama wanavyowafundisha kuhesabu. Na sisi tunaouza tuikumbuke Sura ya 83, inayowaonya wapunjao vipimo. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na mioyo isiyoogopa kupimwa. Amin.