Data, takwimu na kigeu: istilahi za uchambuzi wa utafiti

Data na takwimu si visawe, ingawa katika mazungumzo hupokezana nafasi. Data ni taarifa ghafi kama zilivyokusanywa: umri wa mtu, jinsi yake, tarehe aliyohamia kijijini. Takwimu ni matokeo ya kuhesabu na kupanga data hizo, kama vile wastani au asilimia. Tena ni jina la taaluma yenyewe. Hivyo mtafiti hukusanya data, huziingiza katika programu kama SPSS, Stata au R, kisha huzichambua ili apate takwimu.

Kaya na nyumba

Mwaka 1998 ulianza ufuatiliaji wa afya na idadi ya watu wilayani Rufiji, katika eneo lililojumuisha Ikwiriri na Kibiti, ambayo wakati huo haikuwa wilaya. Wadadisi walizitembelea kaya kila baada ya miezi minne, wakiandika vizazi, vifo na uhamaji.

Nyumba ni jengo. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kwa kawaida hula chungu kimoja. Tofauti hii ina uzito katika bonde la Rufiji, ambako msimu wa kilimo baadhi ya watu huacha nyumba zao na kukaa shambani katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Asiyekutwa nyumbani huenda yuko dunguni, amehama au amefariki. Aliye dunguni hubaki katika hesabu ya wakazi. Aliyehama huondolewa tangu siku alipoondoka. Aliyefariki huongeza idadi ya vifo. Fomu ikiandika "hayupo" kwa wote watatu, kiwango cha vifo kitapotoka, na hakuna programu itakayoweza kukinyoosha.

Kigeu, msimbo na thamani inayokosekana

Kigeu ni sifa inayobadilika kutoka mtu mmoja hadi mwingine, kama umri au hali ya ukaazi. Wengine huiita kibadilika. Isichanganywe na kigezo, ambacho ni kipimo cha kuamulia jambo. Katika jedwali la data, kila kigeu huwa na safu wima yake, na kila mtu mstari wake.

Msimbo ni nambari inayosimama badala ya jibu: 1 yupo, 2 amehama, 3 amefariki. Nambari hizo ni majina tu. Programu ikiamriwa itatoa wastani wake bila kusita, lakini wastani huo hauna maana. Kinachofaa ni idadi na asilimia ya kila kundi.

Thamani inayokosekana ni jibu lisilopatikana. Aghalabu hupewa msimbo kama 99, na lazima programu ielezwe hivyo kabla ya uchambuzi. Chukua umri wa watu watano: 20, 30, 40, 50 na 99, huu wa mwisho ukiwa na maana ya "haujulikani". Wastani wa wanne wenye umri unaojulikana ni 35; msimbo ukihesabiwa kama umri, wastani hupanda hadi 47.8. Sifuri nayo isitumiwe hapa, kwa kuwa mtoto wa miezi mitatu ana umri wa miaka 0, na umri wake unajulikana.

Matumizi

Sahihi: Data za kaya zimeingizwa, takwimu za vifo zitatolewa baada ya uchambuzi.
Si sahihi: Wadadisi walikusanya wastani wa umri.