Luberizi: Mutombo hakuvaa pete ya ubingwa. Je, mchezaji mkubwa wa basketi hupimwa kwa nini?

Ubishi wa basketi huko Luberizi huanza na pointi, lakini humalizikia kwenye jina moja, Dikembe Mutombo, na kwenye swali moja: je, mchezaji wa kulipwa ambaye hakuwahi kuwa bingwa anaweza kuitwa mkubwa?

Luberizi iko kwenye barabara ya taifa namba 5, kusini mwa Bukavu, kati ya Luvungi na Sange, katika bonde la Ruzizi. Kama sehemu nyingine za Kivu Kusini, hapa kandanda ndiyo mfalme. Hata hivyo, basketi ina kitu ambacho kandanda haijawapa mara nyingi vijana wa mashariki: majina ya nyumbani kwenye ligi kubwa kuliko zote duniani, NBA ya Marekani. Mutombo alizaliwa Kinshasa. Bismack Biyombo na Oscar Tshiebwe ni watoto wa Lubumbashi. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma, mji wa ziwa lile lile la Kivu linalooga miguu ya Bukavu.

Swali lenyewe lina uzito kwa wanaofundisha mchezo huu. Kocha wa shule anayeamini kwamba mkubwa ni yule anayefunga, atampa mpira mfungaji na kumsahau yule mrefu mwenye kazi ya kulinda kikapu. Na kijana mrefu ambaye hajui kutupa kwa mbali akiambiwa kila siku kwamba hafai, ataacha kuja mazoezini. Mutombo mwenyewe angeweza kuwa kijana huyo.

Pete ya kijana wa Goma

Upande wa kwanza wa ubishi unasema jambo jepesi: hesabu pete. Kila mwaka NBA humpa bingwa pete ya dhahabu, na mchezaji asiye nayo ni sawa na mvuvi aliyekesha ziwani akarudi bila samaki.

Kwa hesabu hiyo, Kuminga anamshinda Mutombo. Kijana huyo aliyezaliwa Oktoba 2002 alichaguliwa na Golden State Warriors mwaka 2021, akiwa wa 7 katika uteuzi wa wachezaji wapya. Juni 2022, timu yake iliifunga Boston Celtics michezo 4 kwa 2 katika fainali. Alikuwa na umri wa miaka 19, mmoja wa wadogo kabisa waliowahi kupata pete hiyo.

Goma ilikuwa na haki ya kufurahi. Lakini hata wanaompenda Kuminga wanajua kwamba mwaka ule alicheza dakika chache katika mchujo, na kwamba aliyeibeba timu fainalini ni Stephen Curry. Pete ni ya timu nzima, na anayekaa benchi huivaa sawa na anayecheza dakika 40.

Kuna mfano mwingine unaowanyamazisha wahesabu pete. Michael Jordan ana pete 6. Robert Horry, aliyechezea Houston, Los Angeles Lakers na San Antonio, ana 7. Horry alikuwa mchezaji mzuri, na aliokoa timu zake zaidi ya mara moja kwa mtupo wa dakika ya mwisho. Hata hivyo ni vigumu kumpata mtu anayesema alikuwa mkubwa kuliko Jordan. Pete inaonyesha kwamba mtu alikuwa mahali pazuri kwa wakati mzuri. Alifanya nini alipokuwa hapo, hilo ni swali lingine.

Wanaohesabu pointi

Upande wa pili unataka takwimu. Hapa mambo ni magumu zaidi kwa Mutombo, maana wastani wake wa maisha yote ya mchezo ni pungufu ya pointi 10 kwa mechi.

Wapinzani wake wana silaha nyingine: fainali ya mwaka 2001. Mutombo alikuwa Philadelphia 76ers, na kazi yake ilikuwa kumzuia Shaquille O'Neal wa Lakers. O'Neal alifunga wastani wa pointi 33 kwa mechi, na Lakers wakashinda 4 kwa 1. Mwaka 2003 Mutombo alifika tena fainali akiwa na New Jersey Nets, wakafungwa na San Antonio Spurs 4 kwa 2. Fainali mbili, pete sufuri. Hayo yaliandikwa na hayafutiki.

Lakini takwimu zina upande wa pili. Katika miaka 18 ya NBA, kuanzia 1991 hadi 2009, Mutombo alizuia mitupo 3,289. Katika vitabu vya ligi, ni mtu mmoja tu aliye juu yake, Mnigeria Hakeem Olajuwon mwenye 3,830. Alipewa tuzo ya mlinzi bora wa mwaka mara nne: 1995, 1997, 1998 na 2001. Aliitwa mara 8 kwenye mchezo wa All-Star, ambao kwa kawaida ni sherehe ya wafungaji.

Takwimu pia zina mashimo. NBA ilianza kuhesabu mitupo inayozuiwa katika msimu wa 1973–74. Bill Russell wa Boston, aliyetwaa ubingwa mara 11 na ambaye wengi wanamwona kuwa baba wa ulinzi, alistaafu mwaka 1969. Hakuna daftari linalosema alizuia mara ngapi. Kama ukubwa ungekuwa tarakimu tu, kazi kuu ya Russell ingekuwa haikutokea.

Isitoshe, kuna kazi isiyohesabiwa hata leo. Mshambuliaji anayepita mabeki wawili, akainua macho, akamwona mtu wa mita 2.18 chini ya kikapu, halafu akarudisha mpira nyuma, hajazuiwa. Daftari halina pa kuandika woga wake. Lakini pointi mbili zimepotea, na wenzake wa pivo huyo wameweza kukaba kwa ujasiri wakijua kwamba nyuma yao kuna mlango uliofungwa.

Siku ya Seattle

Anayetaka kuona kazi hiyo mahali pamoja, atazame Mei 1994. Denver Nuggets, timu ya kwanza ya Mutombo, iliingia mchujo ikiwa ya 8 na ya mwisho upande wa magharibi. Ilipangwa na Seattle SuperSonics, iliyokuwa ya kwanza. Wakati huo haikuwahi kutokea timu ya 8 kuitoa ya kwanza.

Seattle ilishinda michezo miwili ya mwanzo. Ilibaki mmoja tu. Denver ikashinda wa tatu, wa nne, na wa tano ulipigwa Seattle tarehe 7 Mei, ukaenda hadi dakika za nyongeza. Denver ilishinda 98 kwa 94. Katika michezo hiyo mitano, Mutombo alizuia mitupo 31. Picha yake akiwa amelala chali sakafuni, ameukumbatia mpira kwa mikono miwili juu ya uso wake huku akicheka, bado ni moja ya picha zinazojulikana zaidi za NBA.

Denver haikuwa bingwa mwaka huo. Iliondolewa katika hatua iliyofuata. Lakini timu iliyoonekana dhaifu kuliko zote nane ilishinda kwa sababu mtu mmoja alifanya kazi yake kiasi kwamba wenzake wanne wakawa bora kuliko walivyokuwa. Hicho ni kipimo ambacho pete haikioni.

Bingwa anayesahauliwa

Katika ubishi kuhusu Wakongomani na ubingwa, kuna jina ambalo mara nyingi halitajwi. Ni la mwanamke.

Mwadi Mabika alizaliwa Kinshasa mwaka 1976. Mwaka 1996 alikuwa na timu ya taifa ya Zaïre ya wanawake kwenye Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Timu hiyo ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara tatu, 1983, 1986 na 1994. Ilipofika Atlanta haikuwa na uwezo wa kutosha, na Mutombo, aliyeanza kuichezea timu ya mji huo mwaka huo huo, ndiye aliyetoa pesa kwa ajili ya sare na matumizi yao.

Mwaka uliofuata ligi ya wanawake ya Marekani, WNBA, ilifunguliwa, na Mabika akaanza nayo katika Los Angeles Sparks. Alitwaa ubingwa mwaka 2001 na tena 2002, akiwa mmoja wa nguzo za timu pamoja na Lisa Leslie. Aliitwa All-Star mwaka 2000 na 2002.

Kwa hiyo wale wanaosema pete ndiyo kipimo, na kwamba lazima iwe pete ya mtu aliyecheza kweli, wana jibu lao. Mkongomani huyo yupo, ana pete mbili, na mabinti wengi wa shule katika bonde la Ruzizi hawajawahi kusikia jina lake. Kama ukubwa ni kitu cha kuiga, hasara hiyo si ndogo.

Hospitali ni sehemu ya mchezo?

Upande wa tatu huleta jambo ambalo halina uhusiano na kikapu. Mama yake Mutombo, Biamba Marie, alifariki mwaka 1997 wakati Kinshasa ilipokuwa katika vurugu, bila kuweza kufikishwa hospitali. Mtoto wake alijenga hospitali yenye jina la mama, katika komine ya Masina. Ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Iligharimu dola milioni 29, na zaidi ya nusu ilitoka mfukoni mwake. Ina vitanda 300.

Kwa watu wa bonde la Ruzizi habari hii haihitaji maelezo marefu. Wanajua maana ya barabara kufungwa wakati mgonjwa yuko nyumbani.

Biyombo alifuata njia hiyo. Baada ya baba yake kufariki mwaka 2021, alitangaza kwamba mshahara wake wa msimu ule katika Phoenix Suns ungejenga hospitali Kongo kwa kumkumbuka baba huyo. Uwanjani, Biyombo hakuwahi kuwa All-Star. Lakini Mei 2016, akiwa Toronto Raptors, alikamata mipira 26 iliyorudi kwenye ubao katika mechi moja dhidi ya Cleveland ya LeBron James, na Toronto ikashinda.

Wapo wanaopinga: hospitali inamfanya mtu kuwa mwema, haimfanyi kuwa mchezaji bora. Wana haki. Tajiri asiyejua kudunda mpira naye anaweza kujenga hospitali. Tukichanganya mambo hayo mawili, tutamsifu kila mwenye roho nzuri kana kwamba alikuwa mlinzi hodari, na tutamdharau mlinzi hodari kwa sababu hakuwa na pesa za kugawa.

Hata hivyo mambo hayo yanatoka kwenye shina moja. Mutombo alifika chuo kikuu cha Georgetown, Washington, mwaka 1987, akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson ndiye aliyemwingiza kwenye basketi ya chuo. Alijifunza kazi ambayo furaha yake ni kuzuia mabaya yasiwafikie wengine, na akaifanya hadi Aprili 2009, goti lilipoharibika katika mchujo akiwa Houston Rockets, na umri wa miaka 42. Mwaka 2015 aliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu, bila pete.

Muda nao ni kipimo

Kisa cha Tshiebwe kinaonyesha kwa nini miaka 18 si jambo dogo. Mwaka 2022 kijana huyo wa Lubumbashi alitajwa kuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani akiwa Kentucky, akikamata wastani wa mipira 15 kwa mechi. Mwaka 2023, katika uteuzi wa NBA, majina 58 yalisomwa. Lake halikuwemo. Ilimbidi aingie kupitia ligi ndogo. Kazi ya kulipwa haiulizi tu kama unaweza. Inauliza kama unaweza tena kesho, dhidi ya watu waliokaa usiku kucha wakitafuta udhaifu wako.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo, akiwa na umri wa miaka 58, na Kongo ilimlilia kutoka Kinshasa hadi mashariki.

Ubishi wa Luberizi hautaisha kwa hayo, na hakuna anayetaka uishe. Lakini kocha wa shule anaweza kuujaribu mwenyewe Jumamosi hii. Asiandike nani kafunga ngapi. Amtoe mchezaji mmoja kwa dakika tano, atazame wanne waliobaki wanachezaje, halafu amrudishe na kutazama tena. Afanye hivyo kwa kila mmoja, wavulana na wasichana, hata kwa yule mrefu ambaye hajafunga hata pointi moja tangu mwezi uanze.