Rangi Haipungui Mara Ishirini na Nne

Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971, Edgar Herrmann akiwa kwenye usukani na Hans Schüller mwelekezi wake, ilikuwa na urefu wa mita 4 na kitu. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imeuza gari hilo likiwa vipande vya plastiki vya kuunga, kwa skeli ya 1:24, hivyo bodi nzima ina sentimita 17 hivi. Bodi ni nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa, na mwenye boksi mkononi hutamani kuanza na huo wekundu. Asubiri. Karibu kila kinachoamua uzuri wa rangi ile hufanyika kabla kopo halijafunguliwa, na sababu yake ni ya kifizikia zaidi kuliko ya kiufundi: gari limepunguzwa mara 24, rangi haikupunguzwa.

Kwenye gari halisi, matabaka yote ya rangi kwa pamoja huwa na unene wa mikromita 100 hadi 150. Ukigawa kwa 24 unapata mikromita 4 hadi 6, kiasi ambacho hakuna kopo la kupulizia linaloweza kukitandaza sawasawa. Praima, rangi na vanishi juu ya kigari cha plastiki hufika mikromita 50 kwa urahisi, na hilo ni koti ambalo kwenye gari la ukubwa kamili lingekuwa na milimita 1.2, nene kuliko bati la bodi yenyewe. Sasa utazame ufa unaozunguka mlango. Milimita 4 za gari halisi zinabaki milimita 0.17 kwenye kigari. Koti la mikromita 50 kila upande linakula 0.1, na mvutano wa uso wa rangi mbichi unaivuta kutoka kwenye kingo kali na kuikusanya ndani ya mfereji, kwa hiyo kina nacho kinapotea. Ndiyo maana mistari ya milango, boneti na buti huchimbwa upya kwa sindano ya kuchorea au mgongo wa wembe, kwa mikwaruzo mingi myepesi, plastiki ikiwa bado tupu. Wapo wanaolalamika kwamba mistari iliyochimbwa hufanya gari lionekane la kuchezea. Wana haki pale mstari unapopanuliwa. Lakini kinachotakiwa ni kina: mwanga unaoingia kwenye mfereji mwembamba wenye kina hupotea humo, na jicho linasoma kivuli hicho kama mlango unaofunguka.

Plastiki yenyewe nayo ina historia yake. Ni polistirini iliyosukumwa ikiwa moto ndani ya kalibu la chuma, na inapopoa husinyaa kwa asilimia 0.4 hadi 0.7. Kwa bodi ya sentimita 17 hiyo ni karibu milimita nzima. Mtengeneza kalibu hufidia kusinyaa huko kwa kulichonga kubwa kidogo, ila hawezi kufidia kila kona, maana sehemu nene hupoa mwisho na kusinyaa zaidi, zikiacha vishimo juu na mpindo pembeni. Kuta za kalibu la bodi hufunguka kwa kuteleza, na zinapokutana huacha mshono, mara nyingi juu ya madigadi na kwenye nguzo za paa, mahali hasa ambapo mwanga hupenda kukaa. Kisha hesabu ya makosa: kimo cha gari kinategemea bodi, chesisi, mikono ya sasipensheni, ekseli na gurudumu. Vitano hivyo vikikosea 0.1 kila kimoja kwa upande mmoja, gari linainama nusu milimita, yaani sentimita 1.2 kwa kipimo halisi. Makosa mengine hufutana, lakini hakuna njia ya kujua bila kuvishikiza vyote kwa utepe na kuliweka gari juu ya kioo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba viwanda vya leo vimefuta kazi hii ya kujaribisha vipande. Shunsaku Tamiya, wa kampuni ya vigari vya kuunga ya Tamiya, alinunua Porsche 911 na kuifumua ili kampuni yake iunde kigari cha 934, toleo la mbio la gari hilo. Kwa umakini wa namna hiyo, majaribio ya nini? Usahihi wao haukanushiki. Ila vipande hivyo vinaingiana barabara vikiwa vitupu. Ulimi ulioachiwa nafasi ya milimita 0.1 ndani ya tundu lake hautaingia tena ukishapakwa rangi pande zote mbili. Kadiri kiwanda kinavyobana, ndivyo rangi inavyokosa pa kukaa. Aidha, gundi ya plastiki hufanya kazi kwa kuyeyusha nyuso mbili hadi zichanganyike, na haiwezi kuyeyusha polistirini iliyofunikwa kwa rangi, wala ile iliyopakwa kromu. Kujaribisha ndiko kunakoonyesha pa kuziba kwa utepe na pa kukwangua.

Wengine watasema: unga kila kitu, kisha puliza. Kwa bampa na spoila za rangi moja na bodi, ushauri huo ni mzuri. Kwa ndani ya gari haufai, mkono haufiki. Na bado kuna msasa. Chembe za P400 zina wastani wa mikromita 35, za P1000 mikromita 18, na rangi inayong'aa haifichi mikwaruzo yake. Huikuza, kwa sababu jicho hufuata namna taswira iliyoakisiwa inavyopinda. Praima ya kijivu isiyong'aa huyafichua haya mapema, na hukinga plastiki dhidi ya vimumunyisho vikali vinavyoipasua nyufa ndogondogo. Mimi ningeihesabu kuwa ukaguzi, si upakaji.

Vioo, stika na karatasi ya kromu vina zamu yao baada ya vanishi kukauka. Taa za ziada za gari la Safari zinaangukia katikati: zenyewe hufungwa mwisho, lakini matundu ya vishikio vyake hutobolewa mapema, kwa kuwa keekee ikipita kwenye rangi iliyokauka huibandua ukingoni.