KUKADIRIA NA KUPIMA UWIANO KATIKA UCHUNGUZI WA LUGHA: MIFANO KUTOKA PWANI YA KUSINI YA KENYA

1. Utangulizi

Katika maandishi yetu ya isimu-jamii hazikosekani sentensi za namna hii: asilimia kadha ya watoto wa mahali fulani hutumia Chidigo nyumbani, au, lahaja hizi mbili hushirikiana maneno kadha katika kila mia. Tarakimu hizo husomwa kana kwamba zimetoka mizanini. Ni nadra kuambiwa ni watu wangapi walioulizwa, walipatikanaje, na tarakimu hiyo ingepanda au kushuka kwa kiasi gani lau wangeulizwa watu wengine wa mahali hapo hapo.

Makala haya yanakusudia kueleza namna mbili za kushughulikia jambo hilo, yaani kukadiria uwiano na kupima uwiano, kwa manufaa ya mwanaisimu ambaye si mwanahisabati. Mifano yote imewekwa katika pwani ya kusini ya Kenya, kutoka Diani na Ukunda, kupitia Msambweni, hadi Shimoni na Vanga. Tarakimu za mifano ni za kubuni, zimetungwa ili kuonyesha njia tu. Zisinukuliwe kama matokeo ya utafiti.

Eneo hili limechaguliwa kwa sababu maalumu. Chidigo, Chifundi, Kivumba na Kiswahili sanifu hukutana humo katika masafa mafupi, na mara nyingi katika kinywa cha mtu mmoja. H. E. Lambert alizieleza Kivumba na Chifundi katika vitabu vilivyotolewa mwaka 1957 na 1958. Mwaka 1992 Derek Nurse na Martin Walsh waliandika juu ya lahaja hizo hizo mbili, wakashikilia kwamba zimebadilika kwa sehemu lakini hazijafa. Hoja ya nani anazungumza nini, na kwa kadiri gani, ni hoja hai mahali hapa.

2. Kundi zima na sampuli

Mfanyabiashara wa nafaka hamwagi gunia zima ili ajue hali ya mchele. Huchoma bambo, akatoa punje chache, akaamua. Gunia ni kundi zima. Punje zilizotoka na bambo ni sampuli. Uwiano wa punje mbovu katika gunia hatuujui, wala hautujii wenyewe. Tunaoujua ni ule wa kiganjani. Kazi yote ya takwimu hapa ni kusema kwa uaminifu jinsi kiganja kinavyoweza kutofautiana na gunia.

Jambo la kwanza, basi, ni kulitaja gunia. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 866,820 katika Kaunti ya Kwale. Sensa hiyo iliuliza kabila, na kabila si lugha: aliyejiandikisha kuwa Mdigo huenda akazungumza na wanawe kwa Kiswahili, na Mkamba aliyekulia Msambweni huenda akakijua Chidigo barabara. Kusema "watu wa Kwale" hakutoshi pia, kwani Kinango ni nchi ya Waduruma zaidi, na sampuli iliyochukuliwa Msambweni haiwezi kuisemea.

Jambo la pili ni pahali bambo linapochomwa. Mtafiti anayewahoji watu kituo cha magari cha Ukunda na ufukoni Diani atakutana na watumishi wa hoteli, wachuuzi na wageni wa bara. Mvuvi wa Gazi hatakuwamo, wala mama wa Kinondo aliye shambani. Kosa la namna hii haliponyi kwa kuongeza idadi. Ukichoma bambo mdomoni mwa gunia mara elfu, bado hujui kilicho chini.

Jambo la tatu ni kujitegemea kwa majibu. Watoto kumi wa mji mmoja, kwa maana ya makao ya ukoo mmoja, si mashahidi kumi. Lugha ya nyumba ni moja, na jibu la wa kwanza karibu limeyataja majibu ya tisa waliobaki. Hesabu zitakazoelezwa hapa chini huchukulia kwamba kila mhojiwa ameteuliwa kwa bahati nasibu na peke yake. Sharti hilo likivunjwa, mipaka ya kweli huwa mipana kuliko ile itakayotoka katika hesabu.

3. Kukadiria uwiano

Tuseme tunataka kujua uwiano wa watoto wa darasa la kwanza katika shule za Ukunda ambao lugha yao kuu ya nyumbani ni Chidigo. Watoto 100 wanateuliwa kwa bahati nasibu kutoka katika orodha za shule, na 56 wanapatikana kuwa hivyo. Kadirio letu ni 0.56.

Lau tungewateua watoto 100 wengine, huenda tungepata 51, au 60. Kipimo cha mtawanyiko huo huitwa kosa sanifu. Hupatikana hivi: uwiano huzidishwa kwa sehemu iliyobaki, jawabu likagawanywa kwa idadi ya waliohojiwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili. Kwa mfano wetu, 0.56 mara 0.44 ni 0.2464; tukigawanya kwa 100 tunapata 0.002464, na kipeuo chake cha pili ni karibu 0.05. Kosa hilo huzidishwa kwa 1.96, nasi tunapata karibu 0.10. Kwa hiyo mipaka ya uhakika wa asilimia 95 ni takriban 46 na 66 katika mia.

Maana ya "uhakika wa asilimia 95" hueleweka vibaya mara nyingi. Haimaanishi kwamba uwiano wa kweli unazungukazunguka na kutua ndani ya mipaka hii mara 95 katika mia. Uwiano wa kweli umetulia. Kinachobadilika ni sampuli, na mipaka pamoja nayo. Maana yake ni kwamba tukifuata njia hii tena na tena, mipaka tutakayoichora itauzingira uwiano wa kweli mara zipatazo 95 katika kila 100.

Kipeuo cha pili kina gharama yake. Anayetaka kupunguza upana wa mipaka kwa nusu hana budi kuzidisha sampuli mara nne. Kwa kosa lisilozidi asilimia 5 upande huu na huu, wahitajika watu 385 hivi, na idadi hiyo hubaki karibu ile ile liwe kundi zima ni la watu laki moja au milioni kumi. Mambo hubadilika pale kundi zima lenyewe linapokuwa dogo. Katika kisiwa kama Funzi au Wasini sampuli huweza kufikia nusu ya wote wanaohusika, na hapo kosa sanifu hupungua hadi karibu saba ya kumi ya lile la kanuni ya kawaida.

4. Kupima uwiano

Kukadiria hujibu swali "ni kiasi gani?" Kupima hujibu swali jingine: je, ushahidi huu unatosha kukataa dai fulani?

Swali hili lina uzito wake shuleni. Kamati ya elimu iliyoongozwa na Peter Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba watoto wa madarasa ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Katika kijiji chenye lugha moja neno hilo ni jepesi. Katika mji uliochanganyika kama Ukunda hubishaniwa: wengine husema lugha ya eneo ni Chidigo, wengine Kiswahili. Tuseme wanaobishana wamekubaliana kwamba Chidigo kitachukuliwa kuwa lugha ya eneo kikithibitika kuwa lugha ya nyumbani ya zaidi ya nusu ya watoto. Watoto 56 katika 100 wametosha?

Tunaanza kwa kukubali dai tunalotaka kulijaribu, yaani kwamba uwiano wa kweli ni nusu kamili. Dai hili huitwa nadharia tete kanushi. Lau lingekuwa kweli, kosa sanifu la sampuli ya watu 100 lingekuwa 0.05. Tofauti yetu ni 0.06, sawa na makosa sanifu 1.2. Tofauti ya kadiri hiyo au zaidi, juu au chini, hutokea kwa bahati tupu takriban mara moja katika nne. Hatuna haki ya kulikataa dai la nusu. Lakini tungehoji watoto 400 na kupata 224, uwiano ni ule ule wa 0.56, ila kosa sanifu sasa ni 0.025 na tofauti ni makosa sanifu 2.4. Bahati peke yake huleta jambo hilo chini ya mara 2 katika 100. Hapo dai la nusu linakataliwa.

Asilimia ni moja, hukumu ni mbili. Hii ndiyo sababu asilimia isiyotajiwa idadi haina thamani ya ushahidi.

Mambo mawili yafaa kuangaliwa. Kwanza, kushindwa kukataa si kuthibitisha. Watoto 56 katika 100 hawakuonyesha kwamba Chidigo ni nusu. Wameonyesha kwamba hatujui bado. Pili, mpaka wa 5 katika 100, uliopata umaarufu kwa kitabu cha R. A. Fisher cha mwaka 1925, ni mapatano ya watu. Kuna makosa ya aina mbili: kukataa dai lililo kweli, na kuliacha dai lililo uongo. Katika mfano wetu, kosa la kwanza huwafundisha watoto wengi kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao. La pili huwanyima watoto wa Kidigo lugha yao ilhali wao ndio wengi. Lipi ni zito zaidi, takwimu hazisemi. Hilo ni juu ya wazazi na walimu.

5. Orodha za maneno

Wanaisimu wa historia nao hukadiria uwiano, ingawa huenda wasiuite hivyo. Orodha ya maneno 100 ya msingi aliyoipendekeza Morris Swadesh mwaka 1955 imetumiwa mara nyingi kupimia ukaribu wa lugha. Tuseme Chifundi imelinganishwa na Kiunguja ikapatikana kushirikiana nacho maneno 76, na ikilinganishwa na Chidigo, maneno 68. Je, tumepata ushahidi kwamba Chifundi iko karibu zaidi na Kiunguja?

Orodha ni moja, kwa hiyo uwiano hizo mbili hazijitegemei, na si halali kuzipima kana kwamba zimetoka katika sampuli mbili. Njia iliyo sawa ni kuyaweka kando maneno yasiyoamua. Tuseme maneno 62 yanashirikiwa na zote tatu, na 18 ni ya Chifundi peke yake. Yanabaki 20: maneno 14 yanayokwenda na Kiunguja tu, na 6 yanayokwenda na Chidigo tu. Swali sasa ni kama 14 katika 20 yaweza kutoka katika nusu kwa nusu. Tofauti ya 14 na 6 ni 8. Tukiigawanya kwa kipeuo cha pili cha 20 tunapata 1.79, chini ya 1.96. Tofauti iliyoonekana kubwa katika mia imesimama juu ya maneno ishirini tu, nayo haikutosha.

Ikumbukwe pia kwamba maneno ya Swadesh hayakuteuliwa kwa bahati nasibu. Yaliteuliwa kwa kuwa hudhaniwa kuwa sugu. Mipaka tunayoichora ni ya tahadhari tu, na haigusi swali la kama neno linaloshirikiwa limerithiwa au limekopwa, swali ambalo katika pwani hii ndilo gumu kuliko yote.

6. Sifuri

Imebaki hali moja ambayo kanuni ya sehemu ya tatu haiiwezi. Mwandishi wa makala haya, katika tasnifu yake ya shahada ya pili aliyoiandika ng'ambo, aliwahi kuorodhesha umbo moja la lahaja ambalo hakulisikia kwa kijana hata mmoja, na mbele ya safu ile ya sifuri akaandika: "limetoweka." Msimamizi wake aliuliza swali moja tu: "Sifuri kati ya wangapi?" Walikuwa thelathini.

Uwiano ukiwa sifuri, kosa sanifu kwa kanuni ile nalo ni sifuri, kana kwamba tuna yakini kamili. Huo ni upuuzi. Kwa sampuli ndogo, na kwa uwiano ulio karibu na sifuri au mia, njia bora ni ile aliyoitoa Edwin Wilson mwaka 1927, au hesabu kamili ya bahati yenyewe. Kwa sifuri tupu iko kanuni nyepesi: gawanya 3 kwa idadi ya waliohojiwa. Tukiwasikiliza vijana 30 wa Bodo au Funzi, na hata mmoja asitumie kiambishi chi- pale Kiswahili sanifu kinapotumia ki-, mpaka wa juu ni 3 kwa 30, yaani asilimia 10. Mmoja katika kila kumi aweza kuwa analitumia umbo hilo nasi tusimkute. Tena huenda tulimkuta, naye akatujibu kwa Kiswahili cha shule kwa kuwa ndicho tulichomsalimia kwacho.

7. Hitimisho

Kila asilimia inayochapishwa katika kurasa kama hizi ingefaa kufuatana na mambo manne: idadi ya waliohojiwa au ya maneno yaliyolinganishwa, namna walivyoteuliwa, swali lenyewe kama lilivyoulizwa na kwa lugha gani, na mipaka ya uhakika. Mambo hayo hayachukui zaidi ya mistari miwili.

Lugha ndogo huhukumiwa kwa tarakimu ndogo. Atakayesoma kwamba umbo fulani limetoweka hatakwenda tena kulitafuta, na mwalimu atakayeambiwa kwamba Chidigo si lugha ya wengi hatauliza tena. Ni afadhali kuandika "hatukulisikia kwa vijana thelathini" na kuuacha mlango wazi kwa mtafiti ajaye, ambaye pengine atakuwa mwenyeji wa Funzi mwenyewe.