Ndizi Mia Tano kwa Ndoto Moja

Askari atokaye zamu ya usiku katika kambi ya Jinja hulala mchana, na mara nyingine huota kwamba yungali langoni, na adui asiyeonekana anamjia. Huamka jasho likimtiririka, nao watoto huambiwa wanyamaze. Mtu wa hali hiyo akisikia habari za vidonge viwezavyo kumfanya mwotaji ajue, mumo humo ndotoni, kuwa anaota tu, na hata aigeuze ndoto apendavyo, si ajabu akatia mkono mfukoni kutafuta fedha.

Ndoto ya namna hiyo si hekaya. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull huko Uingereza, mtafiti Keith Hearne alimpima mtu aliyekuwa amelala fofofo, ambaye alizungusha macho kushoto na kulia kama walivyopatana kabla ya kulala, kuonyesha kwamba anajua anaota. Vyombo viliinasa ishara hiyo.

Swali ni kama kidonge chaweza kuileta. Kilichoonyesha nguvu zaidi ni galantamini, dawa wanayopewa wazee waliopatwa na ugonjwa wa kusahau uitwao Alzheimer. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, Stephen LaBerge na wenzake waliwapima watu 121. Waliopata ndoto hizo walikuwa asilimia 14 walipomeza kidonge kisicho na dawa, na asilimia 42 walipomeza miligramu 8. Lakini watu hao waliamka usiku wa manane, wakakaa macho nusu saa, tena walikuwa na mazoezi maalumu ya akili. Dawa yenyewe huweza kuleta kichefuchefu na kupunguza mapigo ya moyo. Haifai kumezwa bila daktari, sembuse na mtu atakayeshika usukani au silaha asubuhi.

Kinachouzwa kwa wepesi zaidi ni vitamini B6. Huko Australia, mwaka 2018, watu 100 walishiriki katika jaribio ambalo baadhi yao walimeza miligramu 240 kabla ya kulala kwa siku tano. Walizikumbuka ndoto zao vizuri zaidi, basi. Ndoto zenyewe hazikuwa wazi zaidi wala za ajabu zaidi. Waliopewa mchanganyiko wa vitamini B za namna nyingi walisema usingizi wao ulikuwa mbaya na kwamba waliamka wamechoka. Ni faida gani hiyo kwa mtu wa gwaride?

Mtu mzima huhitaji miligramu 1.3 hivi tu kwa siku. Ndizi mbivu moja ya kadiri ina 0.4 hivi, atakaye kufikisha 240 kwa ndizi ingembidi ale zaidi ya mia tano kabla ya kulala, jambo ambalo hata Mbale, chini ya Mlima Elgon penye migomba tele, halijasikika. Mahitaji ya kawaida, kinyume chake, yamo sokoni: samaki wa Ziwa Viktoria wauzwao Jinja, maini, viazi, na ndizi zenyewe. Mama wa nyumbani apikaye vyakula hivyo kwa zamu hana haja ya kununua chupa.

Kuzidisha kuna hatari. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa saba waliokuwa wakimeza gramu 2 au zaidi kila siku. Miguu na mikono yao ilikufa ganzi, wakawa wakitembea kwa kuyumba. Ajabu ni kwamba upungufu wa vitamini hiyo nao huleta ganzi. Ndiyo sababu wanaomeza isoniazidi ya kifua kikuu huongezewa B6 kidogo hospitalini, kwa kipimo cha mganga.

Kwa jinamizi linalorudi rudi, wataalamu wana njia isiyo na kidonge. Mchana, mtu huiandika ndoto yake, akaubadilisha mwisho wake kama apendavyo, kisha huipitia ndoto hiyo mpya akilini kwa dakika chache kila siku. Asiyejua kuandika humsimulia mwenzake. Likiendelea kumnyima usingizi, au likiwa limeanza baada ya mapigano au ajali, amwone daktari wa kambi.

Amwonyeshe pia dawa zote anazotumia, kwani dawa nyingine ndizo chanzo. Meflokwini, kinga ya malaria waliyopewa askari wa majeshi mengi, ilijulikana kwa ndoto za kutisha, na mwaka 2013 Marekani iliamuru ibandikwe onyo kali kuliko yote. Efavirenz, iliyotumiwa sana Uganda kwa wenye virusi vya UKIMWI, nayo huleta ndoto kama hizo. Mgonjwa asiiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Daktari aweza kumbadilishia.