Mahali pa Kuanzia Katika Faili

Kompyuta ifunguapo faili, haina budi kuwa na mahali pa kuanzia kusoma au kuandika. Mahali hapo huhesabiwa kwa baiti tangu mwanzo wa faili: baiti ya kwanza ni namba 0, ya pili ni namba 1, na kuendelea. Namba hiyo ndiyo nitakayoiita hapa kielekezi. Kila baiti isomwapo au iandikwapo, kielekezi husogea mbele chenyewe.

Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo liamualo kama maandishi ya zamani yatabaki au yatapotea. Tuchukue lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, maana lugha nyingi zilizofuata, Python na PHP miongoni mwao, zimerithi desturi zake. Humo faili hufunguliwa kwa amri fopen, na pamoja na jina lake hutajwa herufi ya namna ya kufungua. Herufi r ni ya kusoma. Kielekezi huwekwa mwanzo. Herufi w ni ya kuandika, nayo ndiyo ya kuogopwa. Wengi hudhani kwamba huweka kielekezi mwanzo tu. Kumbe huifuta faili yote kwanza, kabla haijaandikwa hata herufi moja. Tuseme mtunzi wa kamusi ana faili yenye maneno 20,000, naye ataka kuongeza moja. Akiifungua kwa w, atabaki na hilo moja.

Herufi imfaayo ni a, ya kuongeza. Kwa hiyo kila kiandikwacho huenda mwisho wa faili, hata kama kielekezi kimerudishwa mwanzo kwa amri fseek. Mtu hurudi kwenye baiti ya 0 ili arekebishe kichwa cha faili, akaandika, kisha akakuta kichwa kipya kimekaa mkiani! Wala hii si kasoro. Programu mbili zikiandika katika faili moja la kumbukumbu kwenye mashine moja, haifai moja ifunike maandishi ya mwenziwe. Lakini mtu atakaye kusoma na kuongeza pamoja, kwa a+, na ajihadhari: kanuni za C za mwaka 1989 hazikuamua kama kielekezi kitaanza mwanzo au mwisho, bali ziliwaachia watengenezaji. Yafaa akiweke mwenyewe kabla ya kusoma.

Kwa kusahihisha ndani ya faili kuna r+, isiyofuta kitu, na ambayo kielekezi chake huanza mwanzo. Hata hivyo maandishi mapya hayasukumi ya zamani, huyafunika. Faili yenye maneno "paka mkali", ukiandika "simba" tangu baiti ya 0, itasomeka "simbamkali", kwa kuwa herufi ya tano imekula nafasi. (Nimechagua neno kufunika kwa makusudi. Wengine husema kuandika juu ya maneno ya zamani, lakini kwa Kiswahili chetu huko ni kuyaeleza maneno hayo, si kuyaharibu.)

Liko jambo moja liwahusulo hasa wale wanaonakili tenzi za kale kwa hati zake za asili. Kielekezi huhesabu baiti, hakihesabu herufi. Kiswahili cha herufi za Kirumi hakileti taabu, maana katika mpango wa UTF-8 kila herufi ni baiti moja. Herufi za Kiarabu huchukua baiti mbili kila moja, na alama za irabu vivyo hivyo. Basi beti yenye herufi 60 si baiti 60. Akirukaye kwa hesabu ya herufi huweza kuangukia katikati ya herufi, na asomacho hapo si alifu wala bee. Ndiyo sababu Python, ifunguapo faili kama maandishi, haikubali kurukaruka kutoka mahali ilipo. Hutaka namba ambayo yenyewe ilikwisha kuitoa kwa amri tell, au 0.