Leso: Vazi linalomsemea mwanamke

TUCHUKUE mfano wa wanawake wawili wanaoishi katika ua mmoja mtaani Majengo, Mombasa. Wiki nzima hawajasemezana. Hakuna aliyemtukana mwenzake wala aliyempeleka mwenzake kwa mzee wa mtaa. Asubuhi moja, mmoja wao anatoka kufagia ua akiwa amejifunga leso mpya iliyoandikwa: 'Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake'. Hasemi neno. Anafagia, anamaliza, anarejea ndani. Jirani yake amekwisha kusoma, na ujumbe umefika.

Akiulizwa ana kisa gani, mwenye leso atajibu kwa utulivu kwamba aliinunua kwa sababu ya rangi yake. Nani atamkanusha? Leso hiyo imechapishwa kwa maelfu, na mamia ya wanawake wengine wamejifunga iyo hiyo siku hiyo hiyo. Hapo ndipo nguvu ya vazi hili ilipo: humwezesha mwanamke kusema bila ya kufungua kinywa, na kukana bila ya kusema uongo.

Wengi wetu, hasa wanaume, tumeizoea leso kiasi cha kutoiona. Huiona kama kitambaa cha jikoni, mbeleko ya mtoto au kishikio cha sufuria ya moto. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 100 sasa, vazi hili limekuwa mojawapo ya njia chache ambazo mwanamke wa kawaida wa Afrika Mashariki amezitumia kutoa rai yake mbele ya watu. Anayetaka kuelewa jinsi kina mama walivyojitafutia sauti kabla ya semina na mikutano ya hadhara, hana budi kuanza na leso.

Sehemu za leso

Leso, ambayo wengine huiita kanga, huuzwa mbili mbili. Jozi hiyo huitwa doti. Mwanamke huikata katikati, kisha huzipinda kingo zake kwa uzi. Moja hujifunga kiunoni au kifuani, na ya pili huitanda kichwani na mabegani.

Kila leso ina sehemu tatu. Ya kwanza ni pindo, yaani ukingo unaoizunguka pande zote nne. Ya pili ni mji, uwanja wa katikati wenye mapambo kama vile maua, korosho au nukta. Ya tatu ni jina, nayo ni yale maandishi yaliyomo ndani ya kijisanduku chembamba karibu na pindo la chini. Kitambaa kisicho na jina, hata kiwe kizuri namna gani, wajuzi watakwambia kuwa hakijawa leso kamili.

Ikumbukwe kwamba mahali jina lilipowekwa hapakuchaguliwa ovyo. Mwanamke anapojifunga, maandishi hayo hukaa kwa nyuma, chini ya kiuno. Kwa hiyo, ujumbe husomwa vyema zaidi na yule aliyeachwa nyuma, wakati msemaji amekwisha kumpa kisogo na anakwenda zake.

Asili yake

Neno leso limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kitambaa cha mkononi. Inaelezwa kuwa katika karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walianza kununua vitambaa hivyo kabla havijakatwa kimoja kimoja. Walichukua vipande sita, wakavipanga vitatu juu na vitatu chini, wakavishona pamoja na kupata vazi moja pana. Wafanyabiashara walipoona ubunifu huo unapendwa, waliagiza vitambaa vizima vyenye ukubwa huo. Kwa mujibu wa masimulizi yanayojulikana sana, jina kanga lilitokana na ndege kanga, kwa vile mapambo ya awali yalikuwa ya madoadoa kama manyoya yake.

Zingatia, msomaji, kwamba waliovumbua vazi hili ni wanawake wenyewe. Wenye maduka walifuata nyuma.

Vazi hili lilitokea wakati ambapo nguo ilikuwa alama ya daraja la mtu. Watumwa wengi wa kike walivaa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilicholetwa kutoka Marekani, au kaniki, kitambaa kilichotiwa nili. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hali ya utumwa yenyewe ikaondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika Pwani ya Kenya mwaka 1907. Wanawake waliotoka katika minyororo hiyo waliiacha merikani na kaniki, wakakimbilia leso zenye rangi za kupendeza. Kwao, kubadilisha nguo kulikuwa kutangaza kwamba mimi sasa si mali ya mtu.

Maandishi yalikuja baadaye kidogo. Mjini Mombasa, sifa ya kuyaanzisha hupewa mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, ambaye wengi walimfahamu kwa jina la Abdulla. Duka lake lilifunguliwa mwaka 1887, na leso zake zilitambulika kwa alama ya 'Mali ya Abdulla'. Mwanzoni majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo ndizo zilizotumika kuandikia Kiswahili enzi hizo. Baadaye herufi za Kirumi zikachukua nafasi yake.

Kalamu ya wasio na kalamu

Si kwamba mwanamke wa Uswahilini hakuwahi kutunga kabla ya hapo. La hasha! Mwana Kupona binti Msham, aliyezaliwa Pate, alimtungia bintiye utendi wa mawaidha mnamo mwaka 1858, na kazi hiyo ingali inasomwa hadi leo. Lakini Mwana Kupona alikuwa mke wa mtawala wa Siyu, mwenye elimu na nasaba. Mwanamke aliyeuza maandazi barazani au kulima shamba la mtu hakuwa na karatasi, wino wala wa kumsikiliza.

Leso ilimpa nafasi hiyo kwa bei ya doti moja. Hakuhitaji kujua kuandika. Alichohitaji ni kuchagua, na kuchagua nako ni kusema.

Wapo wanaopinga hoja hii. Husema kwamba wachapishaji na wenye maduka, kwa muda mrefu, wamekuwa wanaume, na kwa hivyo sauti iliyomo katika leso si ya mwanamke bali ya mfanyabiashara. Pingamizi hiyo ina uzito, lakini haijakamilika. Mfanyabiashara huchapisha kile anachoamini kitanunuliwa, na leso ambayo jina lake haliwagusi wanawake hubaki rafuni mpaka ipunguzwe bei. Fauka ya hayo, misemo mingi hutoka kwa watu wenyewe: methali za wahenga, maneno ya mipasho na yale yanayosemwa visimani na jikoni. Duka huyachukua maneno ya kina mama, likawauzia wenyewe.

Jinsi leso inavyosomwa

Kusoma leso si sawa na kusoma gazeti. Maneno ni yale yale, lakini maana hubadilika kulingana na nani kampa nani, lini na wapi.

Mathalani, leso iliyoandikwa 'Japo sipati tamaa sikati' ikitoka kwa mume aliye safarini, ni maneno ya mapenzi. Ikivaliwa na mwanamke aliyekosa mtoto kwa miaka mingi, ni dua. Ikivaliwa mbele ya mke wa mtu na mwanamke anayeshukiwa kumtaka mumewe, hiyo ni vita. Vivyo hivyo, 'Usisafirie nyota ya mwenzio' ni nasaha ikitolewa na shangazi, na ni kijembe ikivaliwa na jirani.

Ndiyo maana mama mwenye busara hafungui pochi kabla ya kusoma jina. Anayempelekea mkwewe zawadi huchagua maneno ya heshima na baraka. Anayekwenda matangani hutafuta yenye subira na kumtaja Mungu. Kumpa mtu leso bila ya kuisoma ni sawa na kutia sahihi barua uliyoandikiwa na mwingine.

Mtaalamu wa isimu Saida Yahya-Othman wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliliandikia suala hili mwaka 1997, akiyachunguza majina ya kanga kama sauti ya wanawake katika jamii ya Waswahili. Jambo ambalo bibi zetu walilifahamu kwa mazoea, likapata nafasi yake katika taaluma.

Kutoka uzazi hadi kaburi

Leso humpokea mtoto anapozaliwa, humbeba mgongoni mwa mamake na humfunika anapolala. Bi harusi hupewa doti kadha wa kadha. Katika ngoma za arusi kina mama huvaa sare ya leso moja, na yeyote aonaye hujua kwamba hawa ni kitu kimoja. Mauti yanapofika, leso hutumika tena katika shughuli za kumwosha na kumsitiri maiti wa kike.

Wala si Pwani pekee. Katika sehemu nyingi za bara, leso ni zawadi isiyokosekana katika sherehe za mahari, na kina mama huzitandika chini ili wageni wa heshima wapite juu yake. Vyama vya akina mama navyo huzifanya sare yao. Anayetoka Kakamega na anayetoka Kilifi huenda wasielewane kwa lugha za mama zao, lakini wote wawili wataelewa maana ya kupewa doti.

Wanasiasa nao hawakuchelewa kulibaini hilo. Leso zenye picha za viongozi na kauli mbiu za vyama zimegawanywa katika kampeni nyingi za eneo hili, na Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani mwaka 2008, kanga za kumpongeza zilipata wanunuzi. Hapa lakini inafaa tujihadhari. Leso ya kampeni hutolewa bure, na anayeivaa hakuchagua maneno yake. Mgongo wa mwanamke umekodiwa kuwa bango, na kodi yenyewe ni kitambaa.

Mipaka ya fumbo

Je, sauti ya leso yatosha? Hapa pana mambo mawili yasiyofaa kufichwa.

Kwanza, mishale mingi ya leso huwalenga wanawake wenzao: mke mwenza, jirani, wifi, mama mkwe. Mume aliyeleta mgogoro wenyewe mara nyingi hupita katikati bila ya kuguswa. Vazi lililozaliwa kama alama ya uhuru hugeuka silaha ya wanyonge kupigana wao kwa wao.

Pili, fumbo lina nguvu kwa sababu linaweza kukanwa, na kwa sababu iyo hiyo halina nguvu panapohitajika ushahidi. Mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake hawezi kulirudisha kwa kujifunga leso yenye methali kali. Mke anayepigwa hawezi kuiwasilisha mahakamani. Panapofika hapo, lazima maneno yasemwe waziwazi, kwa jina lake, mbele ya mwenye mamlaka.

Sheria sasa inamruhusu. Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika kifungu cha 27, inalinda uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 33, na katika kifungu cha 45 inawapa mume na mke haki sawa wanapooana, ndani ya ndoa na inapovunjika. Mwaka 2015 ikapitishwa sheria ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani. Lakini haki iliyoandikwa katika kitabu huhitaji mtu mwenye ujasiri wa kuidai, na ujasiri haushuki kutoka mbinguni. Hujengwa kidogo kidogo, kwa mazoea ya kuwa na rai na kuitoa.

Hilo ndilo ambalo leso imekuwa ikiwafunza wanawake miaka yote hii. Msichana anayemwona mamake akisimama dukani, akizifunua leso moja baada ya nyingine, akiyakataa maneno haya na kuyachagua yale, hujifunza kwamba mwanamke ana la kusema na kwamba ni yeye anayeamua alisemeje. Akikua, huenda akalisema darasani, barazani au bungeni bila ya kuhitaji kitambaa.

Kwa hiyo, tusiipuuze leso kwa kudhani ni umbeya wa kina mama, wala tusiisifu hadi tukasahau kuwa wapo walioitumia kwa sababu milango mingine ilifungwa. Nawe baba, utakapomwona mkeo amejifunga leso mpya, usiishie kuisifu rangi. Isome. Kisha muulize, kwa upole, kama kuna jambo analotaka kukwambia.